Kilomita moja ya hewani ni shilingi ngapi?

*Wazo la kupitisha vigari vidogo juu ya mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, lina mvuto wake. Ugumu uko kwenye bei, na bei hiyo haianzii juu.*

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni kwenye Barabara ya Jogoo huwa imeshafika kituo cha Hamza. Matatu za Buruburu, Umoja, Kayole na Donholm zimebanana, makanga wananing'inia mlangoni, na zikikaribia City Stadium abiria huanza kushuka kabla safari haijaisha. Wanavuka, wanashika Barabara ya Landhies kwa miguu, wanapita Muthurwa na kuingia mjini. Mara nyingi wanaowahi kazini ni wale waliokata tamaa na gari mapema.

Juu ya vichwa vyao hakuna kitu ila nyaya za umeme. Hoja ya kujenga juu huanzia papo hapo: ikiwa chini kumejaa na juu ni kutupu, mbona tusipande?

Miongoni mwa mambo yanayopendekezwa duniani kujaza utupu huo ni vigari visivyo na dereva, vya abiria wanne hadi sita, vinavyokimbia kwenye njia nyembamba iliyoinuliwa kwa nguzo. Unaingia kituoni, unabonyeza unakokwenda, na kigari hakisimami mpaka ufike. Hakuna kungoja gari lijae. Hakuna kushushwa njiani, kwenye soko la Burma, kwa sababu dereva ameamua kugeuza.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 50, na kwenye picha za kompyuta halina doa. Nairobi nayo imezoea picha za aina hiyo: leo reli nyepesi, kesho monoreli, keshokutwa kingine. Kinachofuata picha huwa ni tarakimu moja iliyonyooka, bei ya kilomita. Tarakimu hiyo ndiyo makala haya yanataka kuifungua, kwa sababu Eastlands ina tabia ya kuivuruga.

Nguzo tulizozizoea

Mwalimu wetu wa karibu ni barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway. Haiingii Eastlands, lakini inapita ubavuni mwake, kwenye Barabara ya Mombasa, ng'ambo ya mtaa wa mabanda wa Mukuru na ya Imara Daima.

Ina urefu wa kilomita 27.1, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Rais Uhuru Kenyatta alizindua ujenzi Oktoba 2019, na magari yakaruhusiwa kupita Mei 2022. Ilijengwa na kampuni ya China Road and Bridge Corporation kwa utaratibu wa ubia: mjenzi atoe fedha, kisha azirudishe kwa kutoza ada kwa miaka 27. Mwanzoni gharama iliyotajwa ilikuwa takriban Sh62 bilioni. Kufikia mwisho, iliyokuwa midomoni mwa watu ni Sh88 bilioni.

Kosa la kwanza la hesabu hufanywa hapa, tena na watu wazito. Unachukua Sh88 bilioni, unagawa kwa 27.1, unapata takriban Sh3.25 bilioni, kisha unatangaza kwamba hiyo ndiyo bei ya kilomita ya barabara ya juu Nairobi.

Siyo. Katika kilomita hizo, zilizoinuliwa kwa nguzo ni karibu 9 tu. Zilizobaki ziko chini, kwenye ardhi. Ndani ya Sh88 bilioni mna pia makutano, vituo vya kulipia, taa, na gharama ya mjenzi kukopa. Wastani huo haukuambii bei ya kilomita ya nguzo wala ya lami. Unakuambia bei ya mchanganyiko ambao haupatikani popote pengine.

Reli ya SGR kutoka Nairobi hadi Naivasha ina mtego uleule. Ni kilomita 120 kwa dola bilioni 1.5, na ilifunguliwa Oktoba 2019. Ukigawa unapata dola milioni 12.5 kwa kilomita. Lakini ndani ya wastani huo mna daraja la zaidi ya kilomita 6 juu ya Mbuga ya Nairobi, mna mahandaki ya Ngong, na mna tambarare ambako reli imelala chini tu. Isitoshe, nguzo za mbugani zilichimbiwa kwenye nyasi. Twiga hadai fidia, na hakuna bomba la majitaka linalopita chini yake.

> Ukigawa gharama yote kwa kilomita zote, unapata bei ya mchanganyiko ambao haupatikani popote pengine.

Udongo mweusi

Mwenye ploti yeyote wa Kayole, Umoja au Pipeline aliyewahi kujenga anajua jambo ambalo picha za kompyuta hazionyeshi. Fundi akikupa bei ya nyumba kwa mita ya mraba, muulize kwanza kama amejumlisha msingi. Sehemu kubwa ya mashariki mwa Nairobi imekalia udongo mweusi, ule unaovimba na kunata mvua ikinyesha, kisha ukapasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi kikija. Huwezi kuweka msingi juu yake. Unauchimba wote, unautoa kwa malori, unajaza mawe, ndipo unaanza kujenga.

Nguzo ya njia ya juu ina shida hiyohiyo, ila nzito zaidi. Lazima msingi wake upite udongo mweusi na kushika mwamba. Nairobi ina mwamba mzuri wa volkano, lakini kina chake hubadilika. Sehemu moja utaukuta karibu, mita mia mbili mbele utachimba hadi uchoke, na pengine utakutana na tabaka laini la majivu ya volkano katikati ya matabaka magumu.

Weka nguzo kila baada ya mita 30. Hizo ni nguzo 33 au 34 kwa kilomita. Tofauti ya mita tano za kina kwa kila nguzo inakuwa zaidi ya mita 160 za kuchimba, za chuma na za zege kwa kila kilomita, na kwa anayetazama juu hakuna kilichobadilika. Ndiyo maana wakadiriaji majenzi wazoefu hukataa kutaja bei kabla ya kutoboa ardhi na kupeleka sampuli maabara. Wanaotaja mapema huwa wameichukua bei hiyo mahali pengine.

Halafu kuna vilivyozikwa. Majitaka ya Nairobi huteremka upande wa mashariki kuelekea mitambo ya kusafisha iliyoko Ruai, kwa hiyo mabomba makuu yanakatiza Eastlands. Mitaa ya zamani kama Kaloleni, Makongeni na Jericho ina mabomba yaliyotandazwa enzi za ukoloni au muda mfupi baadaye. Juu yake miaka imepachika mabomba ya maji, nyaya za simu, nyaya halali za umeme, na zile zilizounganishwa usiku.

Kuhamisha vitu hivi huandikwa kwenye orodha ya kazi na bei, ile ambayo mafundi wote wa Nairobi huiita BQ, kama kiasi cha kukisia tu. Fungu hilo ni la kutazamwa kwa makini, maana likisomeka dogo, ujue bado halijachunguzwa.

Mito pia ipo. Mto Ngong unapita Mukuru, Donholm na Embakasi, na Mto Nairobi unapita Dandora. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha kingo za mito hiyo zinaweza kufika wapi. Nguzo iliyo karibu na mto lazima ikadiriwe kwa maji ya siku ile, si kwa maji ya Januari.

Gari jepesi, njia nyepesi?

Watetezi wa vigari wana jibu, na si jibu la kupuuzwa.

Barabara ya juu, wanasema, imetengenezwa kubeba lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori la hadi tani 56. Kigari cha aina hii kilichoko uwanja wa ndege wa Heathrow, jijini London, pamoja na abiria na mizigo yao hakizidi sana tani moja na robo. Basi kwa nini nguzo ziwe nene kama za Expressway? Njia inaweza kuwa nyembamba, vipande vikafinyangwa kiwandani na kupachikwa usiku, na nguzo ikachukua nafasi ndogo katikati ya barabara bila kubomoa duka la mtu.

Tukitafuta kitu cha karibu zaidi ambacho Eastlands inakijua, si Expressway. Ni daraja la waenda kwa miguu kwenye Barabara ya Outer Ring. Mhandisi anapokadiria daraja kama hilo huchukulia kwamba siku moja litajaa watu bega kwa bega, takriban nusu tani kwa kila mita ya mraba. Daraja la upana wa mita mbili basi hubebeshwa kama tani moja kwa kila mita ya urefu. Njia ya vigari, kwa uzito mtupu, iko katika ukoo huo.

Hapo watetezi wana haki. Lakini ukoo huo una mahitaji mengine.

Umeme ukikatika, abiria wako hewani. Lazima pawe na njia ya kutembea kando, yenye vyuma vya kushikilia, mpaka kwenye ngazi. Nguzo zilizo katikati ya barabara lazima zihimili kugongwa na lori lililokatika breki, hata kama juu yake hupita kigari cha tani moja. Kona ni ghali kuliko mistari iliyonyooka, na mitaa ya Eastlands haikuchorwa kwa rula. Vituo navyo ndivyo vinavyomeza fedha: ngazi, lifti kwa wenye ulemavu, paa, tikiti, taa, na njia ya pembeni ili kigari kilichosimama kisizuie kingine. Kadiri mfumo unavyojisifu kuwa na vituo vingi karibu na mlango wako, ndivyo bei ya kilomita inavyopanda.

Kuna pia kifungu cha gharama ambacho vitabu vya Ulaya havina. Mnamo Januari 11, 2022, minara ya laini kuu ya umeme ya Kiambere hadi Embakasi ilianguka na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Uchunguzi ukaonyesha kwamba vyuma vyake vilikuwa vimeibwa. Siku chache baadaye serikali ikasitisha biashara ya vyuma chakavu kwa muda. Kilomita za njia yenye vyuma, nyaya na skrubu juu ya Mukuru na Dandora lazima ziwe na walinzi, na mshahara wa mlinzi hauishi mjenzi akiondoka.

> Kwa uzito mtupu, njia ya vigari iko katika ukoo mmoja na daraja la waenda kwa miguu la Outer Ring.

Waliotangulia

Dunia ina mifano michache, na uchache huo wenyewe ni habari.

Morgantown, mji wa chuo kikuu katika jimbo la West Virginia, Marekani, ulianza kujenga njia yake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Makadirio ya kwanza yalikuwa kati ya dola milioni 15 na 20. Awamu ya kwanza ilipoanza kubeba abiria mwaka 1975, ilikuwa imepita dola milioni 60.

Sababu mojawapo inafaa ichorwe mstari. Mradi ulikimbizwa ili uonekane kabla ya uchaguzi wa 1972, na Oktoba mwaka huo binti wa Rais Nixon alihudhuria sherehe ya uzinduzi. Katika haraka hiyo, njia ilichorwa kabla ya uzito kamili wa magari kujulikana. Wahandisi, kwa kujihadhari, wakaifanya nene kuliko ilivyohitajika. Uchaguzi uliingia kwenye zege. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa haki, mfumo huo bado unafanya kazi baada ya miaka 50 hivi. Lakini magari yake hubeba watu 20, wanane wakiwa wamekaa na 12 wamesimama. Tungeyaona hapa, tungeyaita matatu ya umeme.

Masdar, karibu na Abu Dhabi, waliota vigari 3,000 katika mji mpya uliojengwa jangwani. Awamu ya kwanza ilifunguliwa 2010, kisha mpango wa kupanua ukaachwa. Na Masdar hawakuwa na Mukuru ya kuhamisha.

Heathrow ndio mfano ambao wauzaji hupenda kuutaja, kwa kuwa unafanya kazi vizuri. Ulianza kubeba abiria 2011: njia ya mwelekeo mmoja yenye urefu wa jumla wa kilomita 3.8, vituo vitatu, vigari 21 vya watu wanne wanne, kwa pauni milioni 30.

Hesabu ya mezani

Basi tuikokotoe sisi wenyewe, kwa penseli, bila kujifanya kuwa huu ni upembuzi yakinifu.

Pauni moja tuiweke kwenye Sh170. Pauni milioni 30 ni Sh5.1 bilioni. Gawa kwa kilomita 3.8, unapata Sh1.34 bilioni kwa kilomita ya mwelekeo mmoja, kwa bei za London za zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Chukua njia ya kutoka Donholm hadi kituo cha reli cha Nairobi, kwa makisio ya kilomita 8. Kwenda na kurudi ni kilomita 16. Jumla inakuja Sh21.5 bilioni.

Sasa ongeza udhaifu wa binadamu. Mtafiti Bent Flyvbjerg wa Denmark na wenzake walichunguza miradi 258 ya uchukuzi katika nchi 20. Katika matokeo waliyoyachapisha 2002, tisa kati ya kila miradi kumi ilizidi makadirio. Kwa wastani, reli ilizidi kwa karibu asilimia 45, madaraja na mahandaki asilimia 34, barabara asilimia 20. Njia ya vigari ni mseto wa reli na daraja. Tuiongezee asilimia 45, na tumefika Sh31 bilioni.

Hata hapo tumejidanganya kidogo. Heathrow ina vigari 21. Ukitaka kigari kipite kila sekunde 6, unahitaji vigari 600 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kigari kinachukua dakika 12 kutoka Donholm na dakika 12 kurudi. Ili mnyororo usikatike unahitaji vigari 240, mbali na vya akiba na vilivyo gereji. Wastani wa Heathrow umebeba gharama ya vigari 21 tu, na karakana ya ukubwa wa vigari 21.

Na je, hiyo Sh31 bilioni inanunua nini? Vigari 600 kwa saa, vyote vimejaa wanne, ni abiria 2,400 kwa saa kila upande. Matatu za viti 33 zinabeba idadi hiyo kwa safari 73. Basi refu la mwendokasi la Dar es Salaam, linalobeba watu wapatao 150, lingefanya kazi hiyo kwa safari 16, yaani basi moja kila dakika nne hivi.

Hapa ndipo ninapoona watetezi wanateleza. Wanashindana kwenye bei ya kilomita, ambako pengine wangeshinda, wakati mtu aliyesimama Hamza anahitaji ushindani mwingine: shilingi ngapi kwa kila mtu anayefikishwa mjini kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Kwa kipimo hicho njia nyembamba huacha kuwa rahisi.

Vigari vingeweza kufaa kwa jambo dogo zaidi, kwa mfano mzunguko wa kuunganisha Umoja, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki na steshini ya reli iliyo karibu. Lakini mzunguko mfupi nao una adhabu yake. Chumba cha kuongozea mitambo, karakana na programu hugharimu karibu sawa kwa kilomita 3 na kwa kilomita 10, kwa hiyo bei ya kila kilomita hupanda pale tu wazo linapoanza kuwa na maana.

> Vigari 600 kwa saa vikiwa vimejaa: abiria 2,400. Mabasi 16 ya mwendokasi yanawabeba hao hao.

Walio chini ya nguzo

Dai la kwamba njia ya juu haihitaji ardhi linahitaji kutembezwa mtaani.

Kituo hutua chini, na mahali panapofaa kituo huwa tayari pana mtu. Ni pale kwenye steji: mama wa mboga, muuza mitumba, kinyozi, duka la M-Pesa, na wale wanaopanga foleni za matatu.

Eastlands imeshuhudia jinsi walio njiani wanavyoondolewa. Septemba 2018, jengo lililojulikana kama Taj Mall, kwenye Outer Ring upande wa Embakasi, lilibomolewa likidaiwa kukalia hifadhi ya barabara. Mwishoni mwa 2021, maelfu ya familia za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa nyumba kupisha barabara, nyingi zikalala nje mvua ikinyesha.

Katiba, katika Kifungu cha 40, inaruhusu fidia hata kwa aliyekalia ardhi kwa nia njema bila hati. Wakopeshaji kama Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika huidai waziwazi kabla ya kutoa fedha. Kwa hiyo makadirio ya gharama ya mradi wa mkopo wao na ya mradi wa mwekezaji binafsi yanaweza kutofautiana sana kwenye ukurasa wa fidia, zege ikiwa ileile.

Outer Ring, kilomita 13 zilizopanuliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ilitufundisha jingine. Magari yalianza kukimbia kabla ya madaraja ya waenda kwa miguu kukamilika, na watu wakagongwa wakivuka. Kilichoachwa kije baadaye kililipiwa na wengine, kwa namna ambayo haimo kwenye BQ.

Wenye matatu nao wamo. Kila mpango wa uchukuzi wa umma Nairobi huwachora kama tatizo la kuondolewa. Dar es Salaam ilipoanzisha mwendokasi mwaka 2016, daladala ziliondolewa kwenye njia ile, na swali la wenye daladala wapelekwe wapi likaingia kwenye mazungumzo. Hapa kuna vyama vya akiba na mikopo, madeni ya benki, na vijana ambao kazi yao yote ni kuita abiria. Kuwanunua au kuwaingiza kwenye mfumo mpya ni gharama ya ujenzi, hata kama wahandisi hawapendi kuiweka kwenye jedwali lao.

Dola na karatasi

Vigari, programu, mitambo na sehemu kubwa ya chuma vingeagizwa kutoka nje. Mei 2022 dola moja ilikuwa takriban Sh116. Januari 2024 ilikuwa imegusa Sh160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imerudi karibu Sh129.

Mradi wa dola milioni 200 ungekuwa Sh23 bilioni, halafu Sh32 bilioni, halafu karibu Sh26 bilioni, bila nguzo hata moja kuongezwa. Kwenye Expressway mabadiliko hayo yalimfikia dereva moja kwa moja: Januari 2024 ada ya gari dogo kutoka Mlolongo hadi Westlands ilipanda kutoka Sh360 hadi Sh500.

Mambo haya yote yangejadiliwa vyema zaidi kama karatasi zingekuwa wazi tangu mapema. Historia yetu si nzuri. Mikataba ya SGR ilidaiwa mahakamani, na ni mwishoni mwa 2022 ndipo Waziri wa Uchukuzi alipotoa sehemu yake, miaka mitano baada ya treni ya kwanza ya abiria kuondoka Mombasa. Pendekezo la kampuni ya Adani ya India kuhusu uwanja wa ndege wa JKIA, ulioko Embakasi, lilijulikana kwa kuvuja, na Rais William Ruto alilifuta Novemba 2024. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ipo. Kinachotakiwa kudaiwa kwa sheria hiyo si picha za mradi. Ni taarifa za kutoboa ardhi, idadi ya abiria iliyokadiriwa kwa saa, na fungu la tahadhari.

Nauli

Gharama ya ujenzi haikai kwenye ripoti. Inashuka hadi mfukoni mwa abiria au wa mlipa kodi.

Addis Ababa ilifungua reli yake nyepesi Septemba 2015, dola milioni 475 kwa zaidi ya kilomita 30, sehemu yake ikiwa juu ya nguzo. Nauli iliwekwa chini ili watu wa kawaida wapande, na wakapanda. Lakini nauli hiyo haikutosha kununua vipuri, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya treni zake 41 ilikuwa imeegeshwa.

Rudi kwenye Sh31 bilioni zetu. Zigawe kwa miaka 27, muda uleule wa Expressway kutoza ada, unapata Sh1.15 bilioni kwa mwaka. Tuseme watu 20,000 wanapanda kila siku, siku 300 kwa mwaka: safari milioni 6. Kila safari inadaiwa kama Sh190, kabla ya riba, umeme, mishahara na yule mlinzi wa skrubu. Matatu ya Eastlands hadi mjini mara nyingi hutoza kati ya Sh50 na Sh100.

Waliotangulia walilizibaje pengo hilo? Heathrow haitozi nauli, maana gharama imefichwa ndani ya ada ya kuegesha gari. Kule Morgantown, wanafunzi hulipia ndani ya ada ya chuo, na wasio wanafunzi hutoa senti 50 za dola. Kote kuwili, kinacholipia nguzo si tikiti.

Abiria wa Donholm akilipa Sh80, zinabaki Sh110 kwa kila safari. Mara 20,000 kwa siku, ni Sh2.2 milioni kila siku ya kazi, na lazima ziandikwe kwenye bajeti ya Kaunti ya Nairobi au ya Hazina ya Taifa kabla ya nguzo ya kwanza kuchimbiwa.